Boneti imedonolewa na kokoto za moramu na lami nyepesi: ni kinga ipi inayofaa kweli?

Binti_Kondoa aliandika:

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaomba ushauri wa watu wanaoijua rangi ya gari kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa maneno ya wauzaji nimeshayasikia na yamenichanganya zaidi ya kunisaidia.

Ninamiliki Toyota RAV4 nyeupe ya mwaka 2009, ambayo iliingia nchini kutoka Japani miaka 3 iliyopita ikiwa na rangi safi kiasi kwamba jirani yangu alidhani ni mpya. Ninaishi Dodoma. Kila mwezi huenda Dar es Salaam angalau mara moja kupitia Gairo na Morogoro, na wikiendi mbili kati ya nne huwa kijijini kwetu nje ya Kondoa, ambako ukishaiacha lami unakutana na moramu yenye kokoto zilizolegea hadi unapofika mlangoni. Jumamosi iliyopita niliosha gari mwenyewe badala ya kuwapelekea vijana, na nilipopitisha kiganja juu ya boneti nilihisi vishimo vidogo vidogo kana kwamba ninapapasa mkate wa ufuta. Nikachukua chaki ya fundi cherehani, nikawa ninazungushia duara kila kidonda. Nilipofika 31 niliacha kuhesabu, na bampa nilikuwa sijaligusa. Vingi ni vyeupe au vya kijivu, lakini vitatu vilivyo karibu na ncha ya boneti vina ukingo wa kahawia kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Muuzaji mmoja wa vipodozi vya magari alinihakikishia kwamba nikipaka seramiki hakuna kokoto itakayoacha alama tena. Mwingine anataka nibandike filamu ya PPF, ile plastiki angavu ya kulinda rangi, gari zima, kwa bei inayokaribia robo ya fedha nilizonunulia gari. Fundi wa mtaani kwangu anasema niache mambo ya kisasa, nimpe siku mbili apige rangi boneti nzima. Ni yupi kati yao anayesema kweli? Na je, hivyo vidonda vilivyopo vitibiwe kwanza au kinga ije kwanza?

FundiRangi_Tabata alijibu:

Dada, salaam. Mimi ninapiga rangi magari kwa mwaka wa 22 sasa, na kwa miaka michache iliyopita ninabandika filamu pia, kwa hiyo utanisamehe iwapo jibu langu litakuwa refu.

Nianze na seramiki, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Ni kimiminika chenye kemikali za jamii ya silika ambacho kikikauka juu ya laka huacha utando mgumu wenye unene wa mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi yake ipo na ninaiheshimu: maji yanateleza, vumbi halishiki sana, kinyesi cha ndege na utomvu wa mti havili laka upesi, na kuosha gari kunakuwa rahisi. Ila kokoto haizuiwi na ugumu, inazuiwa na unene unaonepa. Sahani ya udongo ni ngumu kuliko ndala, lakini ukizipiga zote mbili kwa nyundo unajua ni ipi itakayobaki nzima. Nta nayo ni hivyo hivyo, inang'arisha na kulinda dhidi ya jua kidogo, basi.

Sasa utazame hiyo rangi yenyewe. Kiwandani, bodi zima huzamishwa kwenye birika na kupakwa rangi ya msingi kwa nguvu ya umeme, takriban mikroni 20, ambayo ndiyo ngome dhidi ya kutu. Juu yake inakuja praima, kisha rangi unayoiona, kisha laka angavu ambayo peke yake huwa na mikroni 40 hadi 50. Ukijumlisha tabaka zote unapata kati ya mikroni 100 na 150, yaani kiasi cha nywele mbili za kichwa zilizolazwa moja juu ya nyingine. Hicho ndicho kinachosimama kati ya bati lako na kokoto ya Kondoa. Kidonda cheupe au cha kijivu maana yake kokoto imeng'oa laka na rangi lakini imeishia kwenye praima au rangi ya msingi. Kidonda chenye ukingo wa kahawia maana yake imefika kwenye bati na kutu imeanza kutambaa chini ya rangi iliyo pembeni, na hiyo haisubiri mwezi ujao.

Filamu ya PPF ni habari nyingine. Imetengenezwa kwa poliurethani, jamii ya plastiki inayovutika kama mpira, na unene wake wa kawaida ni mikroni 150 hadi 200, kwa hiyo ni nene kuliko tabaka zote za rangi yako zikiwekwa pamoja. Wazo lake lilitoka jeshini: Wamarekani walibandika filamu za namna hiyo kwenye mapanga ya helikopta wakati wa vita vya Vietnam ili mchanga na vifusi visiyatafune, baadaye ikahamia kwenye magari ya mashindano na hatimaye kwetu. Kokoto inapogonga, filamu inabonyea, inasambaza pigo kwenye eneo pana, kisha inarudi. Zile nzuri hufuta mikwaruzo midogo zenyewe zikipata joto la jua au maji ya moto, lakini asikudanganye mtu kwamba zinafuta na mkato. Zikikatwa zimekatwa.

Tatizo ni kwamba sokoni kuna filamu za PVC zinazouzwa kwa jina hilo hilo la PPF. Zina bei nafuu, zinang'aa siku ya kwanza, na kwa jua letu hugeuka njano na kukakamaa baada ya muda si mrefu, na siku ya kuzibandua hutoka vipande vipande kama ganda la kitunguu huku gundi ikibaki. Mwombe fundi akupe kipande kidogo ukivute kwa vidole: ya poliurethani inavutika na kurudi taratibu, ya PVC inagoma au inabaki imelegea.

Gari zima huhitaji. Kokoto hazipigi paa la katikati wala mlango wa nyuma. Bandika boneti, bampa la mbele, migongo ya vioo vya pembeni, nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele, na ule ukingo wa paa juu ya kioo, kisha vipande vidogo mbele ya matairi ya nyuma, pale bodi linapotanuka. Kuna wanaobandika theluthi ya mbele tu ya boneti ili kupunguza gharama, lakini kwenye gari jeupe ule mstari wa mwisho wa filamu hukusanya vumbi jekundu na baada ya miezi miwili utauona kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi ningekushauri boneti nzima.

Jambo moja la kumuuliza fundi kabla hujampa funguo: anakata filamu kwa mashine kulingana na umbo la gari lako, au anaitandaza kisha anakata kwa wembe juu ya boneti yako? Mkono wa huyo wa wembe ukiteleza, wembe unachora mstari hadi kwenye praima, nao unafunikwa na filamu hiyo hiyo, na wewe utaujua siku kutu itakapoanza kuchungulia.

Dereva_IT_Mstaafu alijibu:

Fundi amemaliza upande wa dukani, na mimi niseme ya barabarani, maana nimeendesha magari ya IT, yaani yale yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani, kwa miaka 11, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na safari nyingine hadi Kasumbalesa mpakani mwa Kongo. Gari ulilokabidhiwa likiwa halina alama unatakiwa kulikabidhi likiwa halina alama, na kila kidonda ni maneno na tajiri.

Kwanza, elewa kwamba nguvu ya pigo haipandi sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kokoto inaongezeka mara nne. Tena mwendo unaohesabiwa si wako peke yako. Kwenye moramu, ukiwa na kilomita 80 kwa saa na basi linakuja na 80, jiwe lililorushwa na basi lile linaweza kukupata kama vile umeligonga kwa 160. Mimi nikiona gari linakuja kwenye vumbi nilikuwa ninashuka hadi 40, ninasogea kushoto bila kukanyaga kingo zenye kokoto nyingi, tunapishana, ndipo ninaongeza. Wenzangu walinicheka kwamba ninaendesha kama bibi harusi, lakini magari yangu yalikuwa yanapokelewa.

Pili, jihadhari na lori lenye matairi pacha. Jiwe huwa linajibana katikati ya yale matairi mawili, linazungushwa nayo, na siku likichomoka linatoka kama risasi ya manati, tena kwa usawa wa boneti na kioo chako. Ukiona lori limetoka machimboni au limekanyaga bega la barabara, kaa mbali kabisa au lipite pakiwa salama, usining'inie nyuma yake kwa kilomita 10 ukisubiri nafasi. Malori ya kokoto yasiyofunikwa turubai sihitaji kuyaeleza.

Tatu, hii lami nyepesi. Barabara nyingi za mikoani hujengwa kwa kumwaga lami ya maji, kutandaza kokoto juu yake na kuzishindilia. Katika wiki za mwanzo kokoto za ziada huwa bado ziko juu, hazijafagiliwa zote, na watu wakiona weusi wa lami mpya wanadhani wamefika peponi na kukanyaga mafuta. Hapo ndipo nimeona vioo vingi vikipasuka kuliko hata kwenye moramu yenyewe. Alama ya mwendo ya mkandarasi pale haikuwekwa kwa ajili ya mapambo.

Na sasa kosa langu, ili lisirudiwe. Mwaka mmoja nilipewa gari jeusi, na mwenye gari aliagiza tulifunike uso kwa maboksi yaliyobanwa kwa tepu. Tukafanya hivyo. Kufika Makambako upepo ulikuwa umelegeza boksi, vumbi limeingia chini yake, na lilikuwa linatikisika juu ya boneti saa zote. Tulipolitoa Tunduma hapakuwa na kidonda hata kimoja cha kokoto, ila eneo lote lilikuwa limefifia kama limepigwa msasa, na gundi ya tepu ilikuwa imeiva kwa jua la siku mbili kiasi kwamba ilitoka na vipande vya laka kwenye kona ya bampa, mahali ambapo nadhani palishawahi kupigwa rangi. Kitu chochote kinachofunika rangi bila kuishika barabara ni msasa unaosubiri upepo.

MzeeWaMajembe alijibu:

Ninaheshimu utaalamu wa fundi, lakini kuna mahali sikubaliani naye. Gari la mwaka 2009 si la kuvishwa filamu. Mimi ninaishi Babati na ninalima, gari langu halijui lami isipokuwa siku za benki. Nimeweka kile kiplastiki cheusi kinachosimama kwenye ncha ya boneti, nimefunga mipira ya kuzuia matope nyuma ya matairi yote manne, na kila baada ya miaka minne au mitano fundi ananipigia rangi boneti na bampa. Gharama ya kazi hiyo haifiki nusu ya gharama ya filamu ya boneti peke yake. Binti yangu, gari ni la kukutumikia, usije ukageuka wewe mtumishi wake.

FundiRangi_Tabata alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Mipira ya matope ninaiunga mkono kwa asilimia zote, na ningeomba kila mtu aifunge, kwa sababu kokoto zinazoharibu chini ya milango na mbele ya matairi ya nyuma hazitoki kwa jirani, zinarushwa na matairi yako mwenyewe. Vijana wanaofunga matairi mapana yanayotokeza nje ya bodi wanajitengenezea manati mawili ya kudumu. Kile kiplastiki cha ncha ya boneti kinasaidia pia, kwa sharti moja: kifunguliwe kila baada ya miezi kadhaa na kuoshwa chini yake. Nimewahi kukitoa kwenye gari aina ya pikapu nikakuta mchanga wenye unyevu umejaa nyuma yake, na bati limeliwa kwa mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye kupiga rangi upya. Rangi ya kiwandani huokwa, na ile ya msingi huokwa kwa joto linalozidi nyuzi 150 kabla viti, nyaya na plastiki havijafungwa. Mimi gereji sina uwezo huo, kwa kuwa nikifikisha joto hilo kwenye gari zima nitayeyusha taa na kila kilichomo. Rangi yangu, hata nikichanganya vizuri na kigumisho chake na kuikausha kwenye chumba, ni nzuri kwa sura, lakini fundi akishasugua kwa msasa hadi kwenye bati ameiondoa ile ngome ya kwanza ambayo hairudishiki. Boneti yenye vidonda 31 ikiwa na rangi ya kiwandani kwingine kote bado ni mali kuliko boneti inayometa iliyopigwa rangi upya. Ningepiga rangi upya iwapo vidonda vimeungana au kutu imevimba kama upele.

Dada, kwa hiyo anza na tiba. Hakikisha kwanza boneti yako ni ya chuma: sumaku ya mlango wa friji ikishika ni chuma, isiposhika ni aluminiamu, ambayo haitoi kutu ya kahawia ila inafura unga mweupe chini ya rangi. Bampa ni plastiki, haliingii kutu kamwe, kwa hiyo vidonda vya hapo ni vya urembo tu na vinaweza kusubiri mshahara. Baada ya hapo soma namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati, ama ndani ya chumba cha injini ama kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mbele ya herufi C/TR. Ikiwa ni 040 hiyo ni nyeupe ya kawaida na kazi yako ni nyepesi. Ikiwa ni 070 hiyo ni nyeupe ya lulu, ina tabaka la kati lenye chembe zinazometa, na ukipaka nyeupe moja tu juu yake kidonda kitaonekana kama kiraka cha chokaa.

Osha gari, likauke, futa kila kidonda kwa spiriti, usitumie petroli. Kwa vile vitatu vya kahawia, chonga kijiti cha kiberiti, gundisha kwenye ncha yake kipande cha msasa namba 1000 cha ukubwa wa punje ya mchele, ukizungushe ndani ya kidonda hadi uone bati linang'aa. Usiridhike na kahawia iliyofifia. Ukipata dawa ya kugeuza kutu, tia tone, ngoja kama maelekezo yanavyosema, kisha praima tone moja kwa ncha ya kijiti cha kusafishia meno. Ikikauka, weka rangi kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, ukiacha kila moja ikauke, kisha laka hadi ivimbe kidogo kuzidi usawa wa boneti. Sasa acha. Kaa nayo wiki nzima kabla ya kugusa kwa msasa laini wa maji namba 2000 na kung'arisha, kwa sababu wengi huharibu kazi siku ya pili kwa haraka ya kuona matokeo. Ukitaka kubandika filamu juu yake, subiri angalau mwezi mmoja. Rangi mbichi inaendelea kutoa hewa ya tina, na ukiifunika filamu itafanya mapovu.

Iwapo boneti ilishawahi kupigwa rangi huko Japani au hapa, mwambie anayebandika filamu kabla hajaanza. Filamu inashika kwa nguvu, na siku ya kuitoa inaweza kuondoka na rangi isiyoshikana vizuri na bati.

Mpwani_wa_Tanga alijibu:

Niongeze la chini ya gari, kwa sababu wengi wanatazama boneti wakati kokoto nyingi zinapiga mahali wasipopaona. Sisi tulio karibu na bahari, hewa ina chumvi, na kidonda ambacho Dodoma kingekaa miezi bila kutoa kutu hapa kinabadilika rangi ndani ya siku chache. Mwaka juzi nilimpa kijana mmoja kazi ya kunipakia ile rangi nzito ya mpira chini ya milango na ndani ya matao ya matairi. Rangi yenyewe ni nzuri, ina chembechembe, kokoto inaigonga na kuruka. Lakini kijana hakuosha chumvi wala kukwangua kutu iliyokuwepo, na zaidi ya hapo alipaka juu ya vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango. Vitundu vile vimewekwa ili maji ya mvua yanayoingia kupitia kwenye mpira wa kioo yapate pa kutokea. Mvua za masika zilipokuja nilikuwa ninasikia maji yanacheza ndani ya mlango kama dafu kila nikikata kona. Nilizibua kwa waya, maji yakatoka ya rangi ya kutu, na hadi leo mlango ule wa kushoto una uvimbe chini ambao ninaufuatilia. Ukipaka chini, dada, osha, kausha, kwangua, kisha ziba vitundu kwa tepu kabla ya kupaka na uitoe tepu rangi ikiwa bado mbichi.

Binti_Kondoa aliandika:

Ninawashukuru nyote, na wewe mzee wangu wa Babati, nasaha zako nimezipokea, ingawa utaona nimefuata nusu yake tu.

Imepita miezi miwili na nimerudi kutoa taarifa. Sumaku ilishika, boneti ni ya chuma. Kibati kilikuwa kwenye nguzo ya mlango na namba ni 070, ya lulu, kwa hiyo furaha yangu ilikuwa fupi. Vile vidonda vitatu vya kahawia nilivitibu mwenyewe kwa njia ya kijiti cha kiberiti, na viwili kati ya hivyo vilipanuka nilipokuwa ninasugua, kutu ilikuwa imetambaa chini ya rangi kuliko ilivyoonekana juu. Kimoja kilianza kikiwa kama kichwa cha pini kikaisha kikiwa kama punje ya mtama. Duka la kuchanganya rangi lilinipa vichupa vitatu, nyeupe, ya lulu na laka. Ukisimama hatua mbili huvioni, ukiinama jua likiwa limelala unaviona vyote, na mimi nimeridhika.

Mipira ya matope nimefunga magurudumu yote manne. Filamu nimebandika boneti nzima, migongo ya vioo na mbele ya matairi ya nyuma, bampa nimeliacha kama lilivyo kwa kuwa haliingii kutu, na hivyo gharama imeshuka hadi kiwango ninachoweza kukieleza nyumbani. Niliuliza lile swali la wembe. Fundi wa kwanza alicheka akasema yeye ana mkono mwepesi, nikaondoka. Wa pili alinionyesha mashine ya kukatia na umbo la boneti ya gari langu kwenye kompyuta, nikakubali. Kwenye moramu ninashuka hadi 40 kila nikipishana na gari, na mdogo wangu anayeketi pembeni ameshaanza kuniita bibi harusi.

Nina swali moja la mwisho. Kona ya kulia ya boneti, karibu na taa, filamu imeinuka kwa urefu wa kucha na vumbi jekundu limeingia. Nadhani ni vijana wa kuosha, kwa kuwa ilitokea baada ya kupitishiwa bomba la maji ya presha. Ninaweza kuibandika mwenyewe?

FundiRangi_Tabata alijibu:

Usiirudishe kwa kidole, dada, kwa maana ule mchanga utabaki umefungiwa ndani na utakuwa unasugua. Chukua maji ya vuguvugu yenye tone la shampuu ya gari, inyanyue kona hiyo taratibu bila kuizidisha, sukuma vumbi litoke kwa brashi laini ya kuchorea, suuza, kisha acha ikauke kabisa kivulini. Gundi ikiwa bado inanata ukiigusa, pasha kona hiyo kwa mashine ya kukaushia nywele hadi iwe vuguvugu, ibonyeze kwa kitambaa kutoka ndani kuelekea nje, ukae na kidole chako hapo kwa dakika moja. Ikiwa gundi imekuwa kavu, rudi kwa aliyebandika akate milimita chache za ukingo huo kwa mkasi akiwa ameivuta mbali na bodi, asitumie wembe juu ya boneti.

Vijana wa kuosha waambie wasimame hatua moja kutoka kwenye gari, na maji yapige katikati ya filamu kuelekea nje, wasielekeze bomba kwenye ukingo wake. Wakikuambia wamekuelewa, simama uangalie hadi wamalize upande wa mbele.